Samaki Mwekundu wa Nyanya

Juzi binti wa kaka yangu alinipigia simu kutoka Kayole, akaniomba nipite kwake nimwonee samaki. Alikuwa amenunua tangi la kioo, akaliweka sebuleni, na samaki wenyewe, aliniambia, walikuwa wamenuna kama watu waliofiwa. Nilipanda ngazi za ghorofa lake nikihema, akanifungulia mlango, na kabla hata sijaketi nikaona tatizo. Chakula kilikuwa kimetanda juu ya maji kama uji ulioganda. Nikamuuliza amewalisha mara ngapi tangu asubuhi.

"Si kila wakifungua mdomo, anti?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Samaki hufungua mdomo kutwa kucha, ndivyo wanavyopumua. Akashangaa nimejulia wapi mambo hayo, mimi nisiyefuga hata paka. Ikabidi nikae nimweleze, na niliporudi kwangu nikaona hadithi bado inanizunguka kichwani. Vuta kiti basi, nikueleze na wewe.

Tulikaa Buruburu, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kama uliijua Buruburu ya wakati ule, unakumbuka jinsi nyumba zilivyofanana. Mapaa mamoja, vijiua vimoja vya mbele ya nyumba, milango mimoja, hata mgeni akichelewa kidogo huingia kwa jirani na kusalimia watu wasiomjua. Kwa kuwa nje hapakuwa na la kuringia, watu waliringia ndani. Mama mmoja akifuma vitambaa vya kochi vya rangi ya maziwa, mwezi haukwishi safu nzima ina vitambaa vya rangi ya maziwa. Baba yangu alikuwa karani mjini, mtu mpole, na mashindano hayo aliyaona upuuzi wa akina mama. Mpaka mwalimu alipoleta samaki.

Mwalimu alikuwa jirani wa ukuta mmoja nasi, kijana wa Ukambani ambaye hajaoa, akifundisha sayansi shule ya upili. Aliweka tangi la samaki sebuleni kwake, na jioni watoto wa safu nzima tulikuwa tunaenda kubandika pua kwenye dirisha lake. Jioni moja baba akitoka kazini alitukuta pale, mimi na kaka yangu, pua zimebonyea kwenye kioo cha mtu mwingine. Jumamosi iliyofuata alitoka asubuhi na mapema kwenda Kariobangi.

Huko alikuwa na fundi wake wa jua kali, mtu wa kuchomelea madirisha na mageti. Fundi hakuwa ametengeneza tangi la samaki maishani mwake, lakini fundi gani wa Kariobangi aliyewahi kukwambia hawezi? Alitengeneza alichokijua: dirisha. Dirisha lenye pande nne na sakafu, fremu ya chuma iliyopakwa rangi ya kijivu, vioo vikashikwa kwa pati, ule udongo wa mafuta wa kubandikia vioo vya madirisha. Baba alilileta kwa mkokoteni, yeye mwenyewe akitembea kando yake ameweka mkono juu ya kioo, kama anayesindikiza mgonjwa. Tulilijaza maji tukipiga makofi. Lilivumilia hadi wakati wa chakula cha jioni, kisha likaanza kulia pembeni, tone baada ya tone, na kapeti ikalowa. Mama aliongea siku ile. Alianza na kapeti akamalizia na mambo ya kabla mimi sijazaliwa.

Tangi likarudi Kariobangi, fundi akaliziba pembe kwa lami. Halikuvuja tena, ila nyumba ilinuka barabara mpya. Mwalimu akaja, akanusa, akatuambia tulijaze na kulimwaga, tulijaze na kulimwaga, mpaka maji yatoke bila harufu. Alitufundisha mengi, na kwa upole. Mchanga tuuoshe mpaka maji ya kuoshea yatoke safi kabisa. Maji ya mfereji yasiingie moja kwa moja, yalale kwanza kwenye karai, ile dawa ambayo mji hutia majini itoke. Wakati wa kusafisha tusiyamwage yote. Tuyapunguze kidogo kwa mpira wa maji, tuongeze mengine, kwa sababu samaki hupenda maji aliyoyazoea. Sabuni isikaribie, hata kidogo. Na samaki wawe wachache. Baba aliangalia ule uwazi wote ndani ya tangi akauliza, "Lakini si nafasi bado iko?" Alikuwa mtu wa nyumba ya vyumba vitatu iliyolaza wageni kila likizo, na nafasi tupu ilimsumbua.

Mwalimu alitupa samaki kutoka kwake: mmoja mwekundu mwenye urefu wa kidole, na wengine wadogo sana wenye mikia ya rangi rangi. Baba alisimama mbele yao na suti yake ya kazini, mikono nyuma. Nafikiri ilikuwa jioni ya furaha kubwa kwake, na mimi nilimpenda sana kwa sababu ya ile suti.

Kisha nyanya akaja.

Nyanya mzaa baba alikuwa wa upande wa Busia, kando ya ziwa, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Aliona mwanga na aliona rangi, lakini sura ya mtu hapana. Hospitali ilikuwa imesema atapasuliwa, ila asubiri kitanda kipatikane, na kungojea huko ndiko kulikomleta kwetu. Kwa desturi yetu nilikuwa nimepewa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo yeye, mtu mzima mwenye mvi, aliniita mimi mama. "Mama, nipe maji." "Mama, umeshiba?" Nilikuwa darasa la tatu, na cheo hicho nilikibeba kwa uzito wote.

Lakini kulikuwa na jambo lililonikosesha raha. Shangazi zangu walikuwa wamemwambia nyanya, tangu nizaliwe, kwamba mimi na mama yake tumefanana kama kitu na picha yake. Hakuwahi kuniona. Macho yake yaliziba kabla sijaja duniani. Alikuwa akinishika uso kwa vidole vyake vikavu, paji, mashavu, pua, polepole, na kusema, "Pua, labda. Mengine nitayaona mwenyewe." Alingoja kuuona tena uso wa mama yake, na uso huo ulikuwa juu ya shingo yangu. Nami nilikuwa nikijitazama kwenye kioo cha bafuni nikiomba Mungu uwe ndio.

Shida ni kwamba nyanya hakutaka kubaki. Nairobi ilimchosha. Watu hupita bila kusalimia, alisema, na mama hupika chakula cha kupimia. Kila baada ya siku chache alikuwa anafunga kikapu chake na kukiweka mlangoni. "Kesho naenda." Baba alimbembeleza, kikapu kikafunguliwa, na wiki ile ile kikafungwa tena. Nilimsikia baba akimwambia mama jikoni, "Akienda harudi. Nitamtoa wapi tena mpaka huku? Atakufa kipofu." Nikaenda kukaa kando ya kile kikapu nikilinde.

Kilichomzuia ni samaki. Siku ya kwanza alipoambiwa kuna samaki sebuleni alifurahi, akauliza wanapikwa lini. Baba akamweleza kwamba hawa ni wa kuangalia. Nyanya akageuza uso upande wa tangi. "Wa kuangalia," akasema, "na mimi ndiye umenileta niwaangalie." Tukacheka wote, na yeye pia. Lakini kesho yake asubuhi, jua likiingia dirishani na kupenya ndani ya tangi, alikuwa ameketi karibu na mara akainua kichwa.

"Mama. Kuna kitu chekundu kinatembea."

Alikuwa anamwona. Hakuona mapezi wala jicho, ila ile rangi ikipita ndani ya mwanga, ikigeuka, ikirudi. Kwa mtu ambaye kwa miaka alikuwa haoni kitu kinachotembea ila kivuli, ilikuwa habari kubwa. Tangu siku ile kiti chake kilikuwa pale. Mwalimu alipokuja kutukagua alituambia tangi lisikae juani, maji yatageuka kijani, tulisogeze kwenye kona. Tulilisogeza. Nyanya akakaa mbele ya kona mchana kutwa na hakuona kitu, na jioni kikapu kikafungwa. Baba akalirudisha tangi dirishani kwa mikono yake, na kuanzia hapo kila Jumamosi kaka yangu na mimi tulikuwa tunakunja mikono ya nguo na kusugua ule utelezi wa kijani kwa soksi ya zamani. Hata leo nikishika kitu chenye utelezi nasikia harufu ya maji yale, ya bwawa na ya lami kidogo.

Sasa, kwao nyanya mgeni hakai nyumbani bila kula. Hata aliyekuja kuuliza njia hupewa kitu mkononi. Na akilini mwake wale samaki walikuwa wageni: wametolewa maji yao, wameletwa kwenye nyumba ya watu, na hawawezi kujichumia. Alipoonyeshwa chakula chao, vile vipande vyembamba vya kwenye mkebe, alivisugua vidoleni akauliza kama ni chakula au ni vumbi. Akaanza kuwagawia kutoka sahani yake. Ugali alioukatakata vizuri. Mkate wa chai ya saa nne. Punje za wali siku ya Jumapili. Na kila aliyetutembelea, awe mama wa kanisani au binamu aliyekuja mjini kutafuta kazi, alishikwa mkono akapelekwa dirishani. "Wape kitu. Usiingie nyumbani kwa watu mikono mitupu." Mama hakuwa na ujasiri wa kumkataza mama mkwe wake. Baba naye alimwona mama yake akicheka, akaangalia pembeni.

Maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Kisha yakanuka. Asubuhi moja kaka yangu, aliyekuwa na umri wa kupenda maneno ya mtaani, alinikuta nikivaa viatu vya shule.

"Wale wadogo wamededi. Na hiyo red iko karibu."

Tuliwatoa wale wadogo kwa kijiko cha chai. Yule mwekundu alikuwa amesimama juu kabisa ya maji, mdomo nje, hasogei. Nyanya alikuwa tayari kitini kwake.

"Mama, mbona yule mwekundu hatembei leo?"

Nikamwambia amelala. Alikaa akingoja, jua likapanda, likatoka dirishani, na ile rangi haikutembea. Nilipotoka shuleni kikapu kilikuwa mlangoni kimefungwa kwa kamba, na safari hii alikuwa amevaa na leso yake ya safari. Baba alirudi kutoka kazini akamkuta hivyo, akapiga magoti mbele yake, na nyanya akamwambia bila hasira yoyote kwamba samaki anayekufa ndani ya maji si jambo la kuangalia, kwamba nyumba hii haimfai kiumbe yeyote wa ziwani, na kwamba anataka kufia kwake, akijua njia ya choo ni ipi. Basi la usiku lilikuwa linaondoka saa mbili. Mimi nilitoka mbio nikagonga kwa mwalimu.

Mwalimu alikuja na viatu vya nyumbani. Aliliangalia tangi mara moja akaelewa yote, nikaona amepata taabu, maana utamwambiaje bibi kizee, mbele ya mwanawe na mkaza mwanawe, kwamba ukarimu wake ndio ulioua? Akachuchumaa kando ya kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, wewe ni mtu wa ziwa. Mimi kwetu ni mawe na vumbi, samaki nimewajulia vitabuni. Nisaidie. Nusa haya maji uniambie."

Alichota kwa kiganja akampelekea puani. Nyanya alinusa, akanusa tena. Uso wake ulibadilika.

"Haya maji yameoza. Hivi ndivyo ufuo unavyonuka pale wanapomwaga matumbo ya samaki. Nani alimwaga chakula humu?"

Mama akaanza kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimekunjwa. Na nyanya, polepole, akajijibu mwenyewe. "Ni mimi," akasema. "Nimewalisha kama watu."

Mwalimu hakumwacha hapo. Alimwambia tumbo la samaki halizidi jicho lake, na kilichobaki huzama chini kuoza na kuchafua hewa iliyo majini. Akamshika kidole gumba na cha shahada, akavibana pamoja juu ya mkebe. "Hivi, mama. Mara moja asubuhi. Ukimaliza kumsalimia, naye awe amemaliza kula."

"Huo ni uchoyo," nyanya akasema.

"Kwa samaki ndio ukarimu."

Nyanya alilitafakari neno hilo. Kisha akafungua ile leso ya safari na kuiweka mapajani, na ndipo sote tukapumua. Karai la maji yaliyolala lilikuwepo, kwa sababu kaka yangu, pamoja na maneno yake yote ya mtaani, hakuacha kazi hiyo hata siku moja. Mwalimu akavuta mpira kwa mdomo, akatema, akakaza uso, na maji machafu yakashuka kwenye ndoo huku nyanya akisimamia kwa masikio. "Basi, yaliyobaki yaache, asione ametupwa ugenini," aliamuru, na mwalimu akaitika, "Ndiyo, mama." Kesho yake asubuhi niliamka mapema. Nyanya alikuwa pale, jua bado halijaingia. Tulingoja pamoja, ameshika mkono wangu. Mwanga ulipofika kwenye kioo, ile rangi ikatembea.

Hakufunga kikapu tena. Alilisha kwa kubana vidole, akimsalimia yule mwekundu salamu zote za kwao, za afya, za mifugo na za mvua, taratibu, ili muda wa kula usiwe mfupi. Mwalimu akaongeza wengine wadogo. Na kitanda cha hospitali kikapatikana.

Siku aliyorudi, bandeji zimetolewa na miwani mizito puani, nyumba ilijaa. Shangazi zangu walikuja, na akina mama wa kanisani, na mwalimu amevaa tai. Kaka yangu alikuwa amesugua kioo cha tangi mpaka kikalia. Mimi nilikuwa jikoni nyuma ya mlango. Nilikuwa nimetaka siku hiyo ifike kuliko Krismasi, na sasa ilipofika nilitaka irudi ilikotoka. Kama si yeye, je? Kama angeniangalia na asimwone mtu aliyemngoja?

Nilimsikia baba akisema kwa furaha, "Mama, njoo umwone mwekundu wako sasa."

"Mwekundu atangoja. Mama yangu yuko wapi?"

Wakanisukuma sebuleni. Nyanya alinishika kidevu, akanipeleka mpaka dirishani, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga. Kwa mara ya kwanza hakunipapasa. Aliangalia tu. Aliangalia paji, akaja kwenye macho, akakaa hapo, akashuka kwenye pua ambayo tuliitegemea, akafika kidevuni na kurudi juu tena. Nilimwona akitafuta. Kisha akawageukia shangazi zangu.

"Waongo nyinyi. Hafanani naye hata kidogo."

Nilitaka kujitoa mikononi mwake lakini hakuniachilia. Alinirudisha kwenye mwanga, machozi yakimtoka chini ya ile miwani, na akasema, "Uso wa mama yangu naujua, sijausahau hata siku moja. Huu sikuwahi kuuona. Huu ndio nilikuwa siujui." Akaniangalia tena, tangu mwanzo, bila haraka, kama mtu aliyefika mahali na hana safari nyingine. Sijui tulisimama muda gani. Chai ilipoa. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nilijua wakati ule ule kwamba napendwa.

Baadaye ndipo alipomwendea samaki. Akainama, akaweka miwani karibu na kioo. "Ni hako tu?" akauliza. "Kanatoshea kwenye kijiko." Akaendelea kuniita mama, siku ile na siku zote, sura au bila sura.

Alirudi Busia akitembea mbele ya baba. Mwalimu alihamishiwa shule ya mbali, akaoa, tukapotezana. Yule mwekundu aliishi mpaka nikaingia darasa la saba, na alipokufa tangi likawekwa nyuma ya nyumba, mama akapanda vitunguu ndani yake hadi lami ikaachia. Siku hizi ukipita kwenye safu yetu huijui. Vile vijiua vimejengwa maduka, vyumba vya kupangisha vimepanda juu ya vyumba, na nyumba hazifanani tena hata mbili. Nyanya alishalala usingizi wa milele, na baba akamfuata, na shangazi zangu mmoja baada ya mwingine.

Na uso huu aliouangalia vile umezeeka. Mwaka huu nimeanza kuvaa miwani, na asubuhi nikipiga mswaki naona jambo limeanza kutokea kwenye mashavu na pembeni ya mdomo. Nadhani ninaanza kufanana na nyanya. Picha yake hatuna. Nimemuuliza kaka yangu, ameniangalia na kusema hakumbuki vizuri. Kwa hiyo nasimama mbele ya kioo, nageuza kidevu kwenye mwanga, naangalia paji, macho, pua, na hakuna aliyebaki wa kuniambia kama ni yeye.